Watu wa Jumamosi Alfajiri

Mkatoliki anayehamia Dar es Salaam ana vitu vitatu vya kutafuta: chumba, kituo cha daladala kisicho mbali, na jumuiya. Viwili vya kwanza dalali atakusaidia. Cha tatu wengi wetu hukiweka kiporo mpaka siku tunapohitaji karatasi. Mtoto anataka kubatizwa, ndoa inataka kutangazwa, nawe umesimama ofisi ya parokia umevaa vizuri, na katibu hata hajakuuliza unaitwa nani. Anauliza, "Unasali jumuiya gani?"

Mimi nilijiunga kwa sababu ya barua ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza. Nalisema hilo bila haya. Nimekaa kwenye jumuiya muda wa kutosha kujua kwamba wengi wameingilia mlango huo huo, na ukishakaa ndani hakuna anayekuuliza tena ulifuata nini.

Nilikotoka, wilayani Mbinga, suala la kujiunga halikuwapo. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kufikia utoto wangu karibu kila kijiji tulichokijua kilikuwa na kigango, katekista na kengele. Ulikuwa Mkatoliki kama ulivyokuwa mtoto wa fulani. Ukikosa ibada Jumapili mbili, bibi yako anaulizwa kisimani. Wapo wanaousimulia ushirika wa namna ile kwa machozi ya furaha; husahau kwamba ulikuwa pia na macho mengi, na kwamba mtu aliyegombana na familia moja alikuwa amegombana na kijiji. Ndiyo maana nilipopanga chumba Kimara niliona raha kutojulikana. Nilikwenda misa ya kwanza, nikakaa nyuma, matangazo yakianza nikawa nimeshafika barabarani. Parokia za Dar zinakuruhusu kuishi hivyo hata miaka kumi. Watu wamejaa mpaka nje chini ya miti, vipaza sauti vinawafuata huko huko, misa moja ikitoka nyingine inaingia. Padre hawezi kukujua hata angetaka.

Maaskofu wa ukanda huu waliliona jambo hilo mapema. Umoja wao, AMECEA, ulipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: familia chache zinazoishi jirani, zinazokutana majumbani, zinazosoma Injili pamoja na kusaidiana. Wenzao wa Kongo walikuwa wametangulia kuzungumzia jumuiya hai tangu miaka ya 1960. Kwetu wazo hilo halikuwa geni masikioni. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikuwa ameingia mwenyewe katika maisha ya kijiji cha ujamaa. Vijiji vya ujamaa tunavisoma sasa kwenye historia. Jumuiya ipo bado, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba hakuna aliyepakiwa kwenye lori kupelekwa huko.

Yetu ilikuwa na familia ishirini na kitu, na mtakatifu msimamizi ambaye nusu yetu hatukuweza kumsimulia habari zake. Tulikutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wenye biashara hawajaondoka, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tumsifu Yesu Kristo, milele, amina. Wimbo, Injili ya Jumapili ya kesho, kimya kidogo, halafu yeyote aliyeguswa na neno alisema. Utaratibu wenyewe una hatua saba, umetoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Sisi tulizifuata nne au tano, kutegemea foleni ya Morogoro Road inasemaje.

Kwenye mikeka na vigoda hivyo alikaa mhadhiri wa chuo, mama muuza vitumbua, askari magereza mstaafu, fundi umeme, na dada wa kazi ambaye bosi wake Mwislamu ndiye aliyekuwa akimgongea dirisha Jumamosi asije akachelewa sala. Walikuwapo pia wazee wawili wenye kesi ya mpaka wa kiwanja, iliyokwenda baraza la kata na kurudi. Walikaa pembe mbili tofauti, lakini walikuja. Kila mara ilipofika sehemu ya kupeana amani sote tulijifanya tunatafuta kitu kwenye vitabu vya nyimbo, ili wamalizane wenyewe.

Rafiki ningemchagua mwenyewe, na ningemchagua anayefanana na mimi: anayesoma ninachosoma, anayecheka ninapocheka, mwenye mshahara usionitia wivu wala huruma. Watu hawa nilipewa kwa sababu tu walipanga au kujenga karibu na nilipopanga. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya jumuiya, na sijaiona sana mahali pengine katika jiji hili. Kwaya unaingia ukiwa na sauti. UWAKA wanaingia wanaume, WAWATA wanawake, vijana wana chama chao. Kikoba kinataka hisa. Jumuiya inataka uwe unakaa hapo tu.

Asubuhi moja Injili ilikuwa ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, ambapo walioanza alfajiri na walioajiriwa saa kumi na moja jioni walilipwa sawa. Mhadhiri alitueleza vizuri habari za neema, tukaitikia. Kisha kijana mmoja anayebeba zege kwenye majengo, ambaye kwa kawaida akija husikiliza tu, akasema, "Samahanini wazee wangu. Mimi namwonea huruma yule wa saa kumi na moja. Zege linachosha mwili, unalala, unaamka mzima. Kusimama kijiweni toka alfajiri unaona wenzako wanachukuliwa mmoja mmoja, na nyumbani hujaacha hata unga, hapo ndipo mtu anachoka. Yule naye amefanya kazi kutwa."

Mhadhiri alitoa kalamu mfukoni akaandika. Mahubiri juu ya mfano ule nimeyasikia mengi, mengine ya mapadre waliosoma Roma, na sijasikia lililolipita neno la yule kijana. Asingelisema kanisani, maana kanisani hakuna anayemuuliza.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo mgeni angeweza kuiona ya ajabu: mwenye nyumba haruhusiwi kutoa kitu zaidi ya maji ya kunywa. Zamani, niliambiwa, watu walianza kwa chai ya rangi. Chai ikaleta maandazi, maandazi yakaleta mihogo na supu, mpaka wenye chumba kimoja wakaanza kuumwa kila zamu yao ilipokaribia. Mama Mwenyekiti ndiye aliyeikata. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na alipiga marufuku hata karanga. Mama mmoja mwenye uwezo aliwahi kumjaribu kwa kutoa juisi kwenye jagi. Mwenyekiti akalitazama jagi, akasema, "Mwanangu, hii ya watoto wako," akaendelea na matangazo.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni daftari. Lilikuwa kaunta buku la jalada gumu jeusi, kurasa zimechorwa mistari kwa rula: jina, mahudhurio, zaka, mchango wa misiba. Aliyekuja aliwekewa vema. Aliyetoa taarifa aliandikiwa herufi U, yaani udhuru. Aliyekosa bila taarifa, nafasi yake iliachwa wazi. Mwanzoni niliona ni mambo ya shule, nikamwambia mzee katibu kwamba watu wazima hawaitwi majina. Aliniitikia kwa heshima, akaendelea kuita majina. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa akiwasaka watoro. Nafasi tatu wazi zikifuatana, mtu alitumwa nyumbani kwako. Ndivyo alivyopatikana mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuwa akiishi peke yake chumba cha uani: presha ilikuwa imempanda, amelala chini, hana nguvu ya kufikia simu iliyokuwa juu ya meza. Wapangaji wenzake walidhani amesafiri. Aliyegonga mlango mpaka akauvunja ni fundi umeme, kwa sababu zamu ya kutembelea watu ilikuwa yake.

Nimesikia wengi wakisifu jumuiya kwa sababu inasaidia. Ni kweli, lakini wakati wa shida hata wasiokujua husaidia. Watu wa Dar wana huruma kuliko wanavyosingiziwa. Mimi ninachoishukuru zaidi ni kwamba ilinituma. Mwezi wa pili tangu nifike nilipewa kuongoza rozari ya Oktoba kwa upande wetu wa barabara. Sikuombwa maoni. Mwezi mzima jioni nilikuwa nikipita na sanamu ya Mama Maria kutoka nyumba hadi nyumba, na kufikia tarehe ya mwisho nilijua mbwa wa nani anauma, nani ana mtoto mwenye selimundu, nyumba ipi baba alipoteza kazi na bado hajawaambia wanawe. Mtu anayepewa kazi namna hiyo hapati nafasi ya kujiuliza kama ni mwenyeji au mgeni.

Halafu mama yangu mzazi akafia kwetu. Alikuwa amekuja kutibiwa, akakaa miezi mitatu. Jumamosi ya pili tu tangu afike walikuwa wamemwandika kwenye daftari, kwa kuwa alipenda kuanzisha nyimbo za zamani ambazo vijana hawakuzijua. Alifariki usiku. Nilimpigia mwenyekiti, naye aliuliza maswali mawili: yuko nyumbani au hospitali, na kwetu Mbinga wameshaambiwa? Kulipokucha turubai lilikuwa limefungwa, viti vimeshushwa, na masufuria makubwa ya jumuiya, yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu ya mafuta ili yasipotelee kwenye misiba ya watu, yalikuwa mafigani. Wale wazee wawili wa kesi ya mpaka walikuwa wamepewa kuchinja mbuzi mmoja. Askari mstaafu alikaa getini usiku kucha, na usiku uliofuata tena. Aliniambia pole mara moja tu, akarudi kwenye kiti chake. Watu wawili walisafiri nasi kwenye Coaster mpaka Mbinga, njia yote ile, kwa maelezo ya mwenyekiti kwamba maiti wa jumuiya hasindikizwi na ndugu peke yao.

Ndugu zangu kijijini waliwatazama kwa mashaka, wakitafuta ni ukoo gani. Shangazi akaniuliza pembeni, "Hawa ni wakwe?" Nikamwambia ni majirani. Hakuniamini.

Lakini nisiwapake watu rangi wasiyo nayo. Jumuiya ina ubaya wake, na ubaya wenyewe uko karibu sana na uzuri wake. Daftari lile lile lililomwokoa mzee wa reli lina safu ya zaka, na zipo parokia ambako safu hiyo ndiyo inayosomwa kwanza. Jumapili matangazo yanataja jumuiya na fedha zake, ya kwanza mpaka ya mwisho, utadhani msimamo wa ligi. Zaka, mavuno, ujenzi, gari la paroko, jubilei ya sista, na juu ya hayo harusi za wenzako na kadi zake. Nawajua watu walioacha kuja kwa sababu ya kuona aibu tu. Hawakuikosa imani, walikosa elfu kumi. Ukiwauliza watasema wako bize.

Na lipo lile la kuzikwa. Fundi seremala wa mtaa wetu alifariki akiwa hajaonekana jumuiya kwa miaka. Jina lake lilikuwapo, na mbele yake mstari mrefu wa nafasi wazi. Tulikutana usiku kwa dharura. Wengine walisema, na si kwa chuki, kwamba kama tutamfanyia kila kitu kama aliyekuja kila wiki, basi wanaokuja wanajisumbua kwa nini? Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Anayefunga turubai saa nane usiku kwa watu wote ana haki ya kuuliza. Mwingine akakumbusha utaratibu wa parokia, kwamba asiyeshiriki hapewi misa. Mzee katekista, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akauliza ni nani aliyetengeneza meza tunayoweka msalaba na mshumaa kila Jumamosi. Kila mtu aliijua. Mwenyekiti akafunga mjadala: "Tunazika. Mambo ya hesabu mtamdai akifufuka."

Misa haikupatikana. Katekista aliongoza ibada nyumbani na makaburini, tukaimba sana, pengine kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mimi bado naamini Kanisa linalomnyima marehemu misa ili kuwatisha walio hai limeichukua kazi ya afisa mtendaji. Wapo mapadre wanaofikiri kama mimi na wapo wasiofikiri hivyo, na nimeona jambo hili likiamuliwa tofauti katika parokia mbili zinazotazamana. Lakini angalia waliomzika fundi ni akina nani. Ni hao hao wa daftari.

Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mpaka Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Alama nyekundu ya X ilipita ukutani kwa kila mtu: duka, nyumba ya kulala wageni, msikiti, kanisa. Karibu nusu ya jumuiya yetu ilikuwa upande wa barabara. Sitasimulia vumbi lile, walioliona wanalijua. Nitasimulia kikao cha masufuria. Waliokuwa wanahamia Kibaha, Goba na Bunju walitaka mali ya jumuiya igawanywe, kwa kuwa kila mmoja alichangia. Tulibishana mpaka jua likawa kali. Mwisho tukakubaliana kwamba masufuria yanabaki na yeyote atakayebaki, na aliyehama akifiwa yatamfuata huko aliko. Niliona ni maneno ya kufarijiana tu. Mwaka uliofuata yule mama wa jagi la juisi alifiwa na mume Kibaha, na masufuria yalipanda Hiace na kwenda.

Sisi tulihamia mbali kidogo ndani, tukiwa na barua ya utambulisho yenye saini ya mwenyekiti. Kuingia jumuiya mpya ukiwa mtu mzima ni kazi. Utani wao huujui, nyimbo wanazianza juu mno, na kuna kiti fulani ukikalia watu wanatazamana. Jumamosi ya kwanza nililinganisha kila kitu na kule nilikotoka. Ya pili nikaambiwa niandae maombi ya waamini. Ya tatu nikatumwa na mama mmoja tusiyeelewana hata kidogo kumtembelea mgonjwa, tukaenda kwa miguu nusu saa nzima tukizozana kuhusu bei ya nyanya.

Shida kubwa ya huku ni vijana. Mkutano wa mwaka jana kijana mmoja anayesoma chuo alisimama akasema wenzake hawaji kwa kuwa kazi pekee wanayopewa ni kupanga viti. Wazee wakaguna. Mwenyekiti, ambaye ni mwanamume mpole lakini nadhani angeelewana sana na yule mama wa Kimara, akamwambia, "Vizuri, mwanangu. Chukua ukatibu." Kijana hakutegemea. Sasa mahudhurio na michango viko kwenye simu yake, na kila Jumamosi mchana anaturushia orodha kwenye kundi la WhatsApp. Mhazini wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, ameendelea na kaunta buku lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi uliopita hesabu hizo mbili zilipishana kwa shilingi 15,000. Kijana anasema programu haikosei. Bibi anasema yeye amezika watu kwa daftari hilo na halijawahi kupungua senti. Jumamosi hii zamu ni yetu, na watazipitia mstari kwa mstari mbele ya wote. Nimeambiwa nikaazime viti vya ziada kwa jirani, maana hata wale wasiokuja miezi mitatu wametuma ujumbe kwamba watakuwapo.